Charles Babbage: Fundi aliyeiua mashine yake kwa kuwaza ingine bora

Mwaka juzi nilikaa miezi minane bila laptopu. Si ati sikuwa na pesa. Pesa nilikuwa nazo, elfu 45 za kuandikia watu blogu na kuhariri video za harusi, zimetulia kwa simu. Lakini kila nikienda Luthuli naambiwa ile niliyoshika itashuka bei mwezi ujao, kwamba kuna ingine inakuja yenye chipu mpya. Narudi nyumbani. Mwezi ujao naenda tena, hadithi ni ile ile. Kazi nilikuwa nafanyia saiba ya mtaani, nalipa kwa saa, na siku nilipoketi kupiga hesabu nikapata nimeshalipa saiba nusu ya bei ya laptopu ambayo sina.

Ni wakati huo nilikutana na huyu mzee. Kukutana ni kwa kusoma tu, maana alikufa 1871.

Anaitwa Charles Babbage. Kama ulifanya somo la kompyuta shule ya upili, umemwona: picha moja mwanzoni mwa kitabu, mzee wa kukunja uso, chini wameandika baba wa kompyuta, halafu mwalimu anafungua ukurasa unaofuata. Hakuna mtu alituambia kwamba huyo baba wa kompyuta hakuwahi kumaliza hata kompyuta moja. Na hakuna aliyetuambia kwamba aliandika kitabu kilichoeleza vizuri kabisa jinsi ya kupanga ununuzi wa mashine wakati teknolojia inakimbia, kisha yeye mwenyewe akaishi kinyume chake.

Alizaliwa London tarehe 26 Desemba 1791. Babake alikuwa mtu wa benki, kwa hivyo usitarajie hadithi ya kulala njaa hapa. Alipofika chuo kikuu cha Cambridge mwaka wa 1810 alikuwa amejisomea hesabu kiasi kwamba walimu walimchosha. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili naielewa hiyo hali, ingawa mimi nilichoshwa na karo. Yeye na marafiki zake, John Herschel na George Peacock, wakaunda chama mwaka wa 1812 cha kuleta Uingereza hesabu mpya zilizokuwa zikifanywa Ulaya bara. Akaoa 1814, na 1816 akaingizwa kwenye Royal Society, kile chama kikubwa cha wanasayansi. Alikuwa na miaka 24.

Sasa ili uelewe shida iliyomshika, sahau kikokotoo kilicho kwenye simu yako. Wakati huo, mtu yeyote aliyetaka hesabu ngumu, awe nahodha, mpima ardhi, mjenzi wa daraja au kampuni ya bima, alifungua kitabu cha majedwali. Kurasa kwa kurasa za namba zilizokokotolewa mapema. Waliozikokotoa walikuwa watu wa kawaida waliokaa mezani na kalamu, na jina la kazi yao kwa Kiingereza lilikuwa kompyuta. Kweli, kompyuta alikuwa mtu. Anachoka, anasinzia, anakosea. Halafu anayenakili anakosea tena, na anayepanga herufi za kuchapisha anaongeza makosa yake. Namba moja ikiwa mbaya kwenye jedwali la mwezi na nyota, meli inaamini iko pale ambapo haiko. Mwaka wa 1824 nahodha William Owen alitia nanga Mombasa akiwa katika safari ndefu ya kupima pwani yetu kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza. Watu wa kazi kama hiyo hawakutoka nyumbani bila vitabu vya majedwali.

Mwaka wa 1821 Babbage na Herschel walikuwa wamekaa wakikagua majedwali ya nyota, kila mmoja na nakala yake, wakilinganisha. Makosa yalikuwa mengi mno. Babbage akachoka, akasema laiti hesabu hizi zingefanywa na mvuke. Wengine wangesema hivyo wakaenda kulala. Yeye alianza kuchora.

Wazo lake halikuwa gumu, nitakuonyesha. Chukua namba zilizozidishwa zenyewe kwa zenyewe: 1, 4, 9, 16, 25. Tafuta tofauti kati ya kila moja na inayofuata: 3, 5, 7, 9. Tafuta tofauti za hizo nazo: 2, 2, 2. Umefika mwisho, ni 2 tu mpaka kesho. Sasa rudi juu kwa kujumlisha. 2 na 9 ni 11, 11 na 25 ni 36. Tena: 2 na 11 ni 13, 13 na 36 ni 49. Umepata 6 mara 6 na 7 mara 7 bila kuzidisha chochote. Jedwali zima linaweza kutengenezwa kwa kujumlisha tu, na kujumlisha ni kazi ambayo gia za shaba zinaweza kufanya. Ufaransa, miaka ya 1790, mhandisi Gaspard de Prony alikuwa amepanga kazi kama hii kwa kutumia watu: wataalamu wachache juu, na chini kundi kubwa la watu wa kujumlisha na kutoa pekee. Inasimuliwa kwamba baadhi yao walikuwa watengeneza nywele waliokosa wateja baada ya mapinduzi, kwa sababu mabwanyenye wa kutengenezwa nywele walikuwa wamekatwa vichwa. Babbage aliona kwamba lile kundi la chini lote linaweza kuwa mashine. Na mashine yenyewe ichape majibu, mwanadamu asiguse.

Aliiita Mashine ya Tofauti. Mwaka wa 1822 alikuwa na modeli ndogo inayofanya kazi. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ikampa pauni 1,500 za kuanzia.

Hapa ndipo nataka twende polepole, kwa sababu kosa la kwanza lilifanyika siku ile ile. Babbage alikutana na waziri wa fedha wakaongea. Alitoka pale akiamini serikali imeahidi kugharamia mashine mpaka mwisho. Serikali kwa upande wake iliamini imemsaidia mwanasayansi na kiasi cha pesa, basi. Hakuna aliyeandika waliyokubaliana. Hakuna ratiba, hakuna bei ya mwisho, hakuna mahali pameandikwa kwamba kazi ikifika hapa tutalipa hapa. Babbage mwenyewe alidhani itachukua miaka miwili au mitatu. Umewahi kufanyia mtu kazi ya maneno matupu, ya tutaongea baadaye? Basi unajua inavyoisha.

Fundi aliyepewa kazi aliitwa Joseph Clement, mtoto wa mfumaji aliyejifunza mwenyewe mpaka akawa mmoja wa mafundi makini zaidi London. Mashine ilihitaji vipande karibu 25,000, na vingi vilitakiwa kufanana kabisa. Leo unaingia duka la spea unaitisha skrubu ya saizi fulani unapewa. Wakati ule kila karakana ilikuwa na skrubu zake. Clement alilazimika kutengeneza kwanza vyombo vya kutengenezea vipande, ndipo atengeneze vipande. Katika karakana hiyo alipitia kijana anayeitwa Joseph Whitworth, ambaye mwaka wa 1841 alikuja na kipimo kimoja cha skrubu kikaenea Uingereza nzima. Kwa maneno mengine, Babbage alikuwa ananunua teknolojia iliyokuwa ikizaliwa mikononi mwake. Ukinunua kitu cha namna hiyo unalipia na masomo.

Mwaka wa 1827 ulimvunja. Babake alifariki, mkewe Georgiana akafariki, na watoto wake wawili pia. Watu walimshauri asafiri, akazunguka Ulaya zaidi ya mwaka mmoja. Alirudi tajiri kwa urithi, na akiwa profesa wa hesabu Cambridge, kiti kile kile alichokalia Isaac Newton. Alikikalia mpaka 1839 bila kufundisha darasa hata moja. Sina la kuongeza hapo.

Serikali iliendelea kutoa pesa. Waziri mkuu, Duke wa Wellington, alikuja mwenyewe kuangalia kazi. Na mwaka wa 1832 Clement aliunganisha kipande kimoja cha mashine, kama sehemu moja kwa saba ya chombo cha kukokotoa. Kilifanya kazi sawasawa! Unazungusha hendeli, gia zinageuka, jibu linatokea. Babbage alikiweka sebuleni na kuwaonyesha wageni kwenye karamu zake za Jumamosi, ambazo zilikuwa maarufu jijini. Darwin alifika, Dickens alifika.

Mwaka huo huo alitoa kitabu. Kwa miaka kama kumi alikuwa ametembelea viwanda ndani na nje ya Uingereza akitafuta jinsi ya kujenga mashine yake, na yote aliyoyaona akayaandika: bei, mishahara, ugawaji wa kazi, hata jinsi ya kumhoji mwenye kiwanda bila kumchosha. Kitabu kilihusu uchumi wa mashine na viwanda, kikauzwa kama mkate. Miaka baadaye Karl Marx alikisoma na kukitaja.

Ndani yake kuna habari za mashine za kufuma lesi. Biashara ya lesi ilikuwa moto, na kila mwezi mtu alikuwa anavumbua njia bora zaidi. Babbage anaeleza kwamba mashine iliyonunuliwa pauni 1,200, ikiwa bado nzima, iliuzwa baada ya miaka michache kwa pauni 60. Soma tena hizo namba. Na anaeleza kwamba maboresho yalifuatana kwa kasi hadi mashine nyingine ziliachwa mikononi mwa mafundi kabla hazijamalizika, kwa sababu mpya zaidi ilikuwa imeshafika na hakuna aliyeitaka ile ya kwanza.

Kutokana na hayo akatoa kanuni. Mashine ya kutengeneza kitu kinachotakiwa sana, anasema, huwa haifi kwa kuchakaa. Inauawa na mashine bora. Kwa hivyo mnunuzi asiulize itadumu miaka mingapi, aulize itarudisha pesa lini. Piga hesabu iwe imejilipa ndani ya miaka 5, na tarajia kwamba ndani ya miaka 10 itakuwa imepitwa.

Mimi niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikachukua karatasi. Elfu 45 gawa kwa miezi 60 ni shilingi 750 kwa mwezi. Saiba nilikuwa nalipa zaidi ya mara tatu ya hiyo, nikingojea bei ishuke. Wiki hiyo nikanunua laptopu iliyotumika, kutoka ng'ambo, kibodi imefutika herufi ya A. Ndiyo ninayoandikia sasa.

Lakini chukua kanuni hiyo hiyo uiweke juu ya mashine ya Babbage. Pesa za kwanza zilitoka 1823. Kwa kipimo chake mwenyewe, mashine ilitakiwa iwe imejilipa kufikia mwaka wa 1828. Kitabu kinatoka 1832, miaka tisa imepita, na haijatoa jedwali hata moja. Ilibaki mwaka mmoja tu ifike ule umri ambao, kwa maneno yake, mashine huwa imepitwa na wakati.

Na ikapitwa kweli. Aliyeipita ni yeye.

Ilianza na ugomvi wa karakana. Babbage alitaka kazi ihamishiwe jengo jipya karibu na nyumba yake Dorset Street, Clement akataka alipwe zaidi kwa kuhama, bili zikachelewa, maneno yakawa makali. Mwaka wa 1833 Clement alifuta wafanyakazi na kazi ikasimama. Kwa desturi ya ufundi ya wakati ule, vyombo maalum ambavyo fundi ametengeneza akiwa kazini vilikuwa mali ya fundi, hata kama mteja ndiye aliyelipa. Kwa hivyo Clement alibaki na vyombo vyote, na michoro ikachukua zaidi ya mwaka kurudi kwa mwenyewe.

Fikiria mtu kama Babbage anayekaa zaidi ya mwaka bila michoro yake. Hakukaa bure. Akili ilianza kujiuliza: ningeanza upya leo, ningejengaje? Na kufikia mwaka wa 1834 alikuwa na jibu lililomtoa usingizi. Mashine ya Tofauti ilijua kazi moja tu, kujumlisha tofauti. Hii mpya ingefanya hesabu yoyote utakayoiagiza. Ingekuwa na sehemu ya kutunza namba, aliyoiita ghala, na sehemu ya kufanya hesabu, aliyoiita kinu. Amri zingeingia kwa kadi zilizotobolewa, wazo alilochukua kwa mitambo ya Jacquard ya kufuma hariri yenye maua. Ingeweza kurudia hatua, na kuamua ifanye nini kulingana na jibu lililotoka. Ukifungua kompyuta ya leo, mpango wake ni huo: kumbukumbu huku, kichakataji kule, programu inaingia kutoka nje. Ni shaba na mvuke, miaka mia moja kabla ya wakati. Aliiita Mashine ya Uchanganuzi.

Sasa angefanya nini na serikali iliyokuwa bado inasubiri ile ya kwanza? Mfanyabiashara mjanja angenyamaza. Angemaliza ya zamani, aipeleke, achukue sifa, kisha aseme kuna toleo la pili. Babbage alikuwa muungwana na aliona kunyamaza ni udanganyifu. Akaandika barua kwa Wellington mwishoni mwa mwaka huo wa 1834 kueleza kwamba amepata mashine mpya, ina nguvu kuliko ya kwanza, inaweza kufanya kazi zote za ya kwanza na zaidi. Akauliza serikali ingependa afanye nini.

Jiweke kwenye kiti cha afisa wa hazina. Umemlipa mtu miaka kumi na moja. Hana kitu cha kukupa isipokuwa kipande kiko sebuleni kwake. Leo anakuja kukuambia kwamba kitu unacholipia kimeshapitwa. Anaomba pesa za kumaliza cha zamani, au za kuanza kipya? Barua haikusema wazi, na nadhani hata yeye moyoni alikuwa hajaamua. Afisa alifanya ambacho maafisa hufanya kila mahali: aliiweka faili chini ya zingine. Mawaziri wakabadilika, serikali zikabadilika, na Babbage akawa anaandika barua akiulizia jibu kwa miaka minane.

Watu wa biashara ya kompyuta wana jina la hii kitu. Wanaiita athari ya Osborne, kutokana na kampuni moja ya Marekani iliyosimuliwa kwamba ilitangaza modeli mpya mapema mno, wateja wakaacha kununua ile iliyo dukani, ikafilisika 1983. Wapo wanaobisha kwamba kampuni ile iliuawa na washindani na hesabu mbovu, na huenda wana haki. Lakini kwa Babbage hakuna cha kubisha sana. Alikuwa na mteja mmoja tu, na alimwambia mteja huyo kwa mkono wake kwamba bidhaa aliyoagiza ni ya kizamani.

Jibu lilikuja Novemba 1842. Waziri mkuu sasa alikuwa Robert Peel, nchi ilikuwa na shida ya uchumi, na mwanafalaki mkuu wa serikali, George Airy, alikuwa ameshatoa maoni kwamba mashine haina faida. Mradi ukafutwa. Hazina ilikuwa imetumia zaidi ya pauni 17,000. Ili ujue ukubwa wake, garimoshi zima la mvuke kutoka kiwanda cha Robert Stephenson mwaka wa 1831 liligharimu chini ya pauni 800. Serikali ingenunua magarimoshi zaidi ya 20. Babbage alienda kumwona Peel, akaanza na malalamiko ya jinsi alivyotendewa, mazungumzo yakaharibika, akatoka na hasira. Hakuwa amechukua mshahara hata senti kwa kazi ile yote, na alikuwa ameingiza pesa zake pia. Vipande vingi ambavyo Clement alikuwa ametengeneza viliishia kuyeyushwa kama vyuma chakavu.

Mtu mmoja aliona shida iko wapi, na alikuwa na miaka 27. Ada Lovelace, binti wa mshairi Byron, alikuwa ameona kile kipande cha sebuleni akiwa na miaka 17. Mwaka wa 1843 alichapisha maelezo marefu ya Mashine ya Uchanganuzi, yakiwemo hatua kwa hatua jinsi ingekokotoa namba za Bernoulli, na kwa hayo wengi humwita mtunzi wa kwanza wa programu. Lakini kuna barua yake ya mwaka huo ambayo haizungumzwi sana. Alimwandikia Babbage kurasa nyingi akipendekeza mpango: yeye Babbage ashughulike na mashine, Ada na watu wenye busara ya biashara washughulike na pesa, mawaziri na umma. Alikuwa anajitolea kuwa meneja wake, kwa lugha ya leo. Babbage alikataa. Wakabaki marafiki, mpaka Ada akafariki 1852 akiwa na miaka 36.

Halafu kuna Waswidi. Georg Scheutz, mchapishaji wa Stockholm, alisoma makala kuhusu Mashine ya Tofauti mwaka wa 1834, mwaka ule ule Babbage alikuwa anaiacha. Yeye na mwanawe Edvard wakajenga yao. Haikuwa na ubora ule ambao Babbage angeukubali, na ya kwanza walianza kwa fremu ya mbao. Ila ilifanya kazi. Mwaka wa 1853 walikuwa na mashine kamili, ikauzwa kwa kituo cha kutazama nyota huko Albany, Marekani, na nakala nyingine ikanunuliwa na, keti chini, serikali ya Uingereza, ikatumika kutengeneza majedwali ya bima ya maisha yaliyotoka 1864. Akina Scheutz nao hawakutajirika. Lakini waliuza. Na kwa haki ya Babbage lazima niseme: walipokuja London na mashine yao, watu walidhani atawachukia, naye akawapokea vizuri na kuwasifu.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumcheka. Siwezi, kwa sababu ya kilichofuata. Kati ya mwaka wa 1847 na 1849, baada ya kuchora Mashine ya Uchanganuzi kwa zaidi ya miaka kumi, alirudi kwa ile ya kwanza. Ujuzi wote aliopata akiwaza ile kubwa akaushusha kwa ile ndogo. Akachora Mashine ya Tofauti ya pili: hesabu zilezile na zaidi, lakini vipande 8,000 badala ya 25,000. Theluthi moja! Yaani kule kukimbilia kipya ndiko kulikomfundisha jinsi cha zamani kilivyopaswa kujengwa. Mwaka wa 1852 aliipelekea serikali michoro bure, wajenge wenyewe. Wakakataa. Mimi hapo nalaumu pande zote mbili, lakini serikali zaidi. Mteja aliyeumwa mara moja alikataa kusoma bei mpya.

Miaka ya mwisho alikuwa mzee wa kesi ndogo ndogo. Alipigana na wanamuziki wa mitaani waliompigia kelele dirishani, mpaka sheria ya kuwadhibiti ikapitishwa 1864, na wao wakalipiza kwa kuja kumpigia zaidi. Mashine ya Uchanganuzi aliendelea kuirekebisha, kila mchoro ukiufuta ule uliotangulia, bila mteja na bila tarehe ya mwisho. Alifariki nyumbani Dorset Street tarehe 18 Oktoba 1871.

Mwaka wa 1985 jumba la makumbusho la Science Museum, London, lilichukua ile michoro ya 1847 hadi 1849 na kuamua kuijenga, kwa usahihi ambao mafundi wa enzi za Babbage wangeweza kuufikia, hakuna zaidi. Walipata makosa machache kwenye michoro wakayarekebisha. Mwishoni mwa 1991, miaka 200 tangu azaliwe, sehemu ya kukokotoa ilikamilika na kutoa majibu sahihi yenye tarakimu 31. Chombo cha kuchapa kikaongezwa 2002. Inasimama pale, tani tano za shaba na chuma, na mtu akizungusha hendeli nguzo za namba zinapanda kama wimbi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ubongo wake uligawanywa mara mbili: nusu iko kwenye makumbusho ya Hunterian, na nusu iliwekwa katika jumba hilo hilo lenye mashine.